Hitisinki mpya, joto lilelile: angalia kwanza linapandaje

Wiki hii kaja kijana mmoja hapa chuoni kwetu Tanga, ana steshenari kule Ngamiani, kabeba sipiyu begani (najua boksi lote sio sipiyu, sipiyu, au prosesa, ni ile chipu ya ndani, ila mtaani ndo tushazoea na mimi nimechoka kubishana). Anasema mwalimu, nimefungiwa hitisinki (lile pande la chuma la kupoza prosesa) mpya, kubwa, ya shaba, lakini nikianza kuprinti kazi za watu mashine inakuwa nzito afu inazima, bora hata ile ya zamani. Nikamuuliza kitu kimoja tu, joto linapanda ghafla au taratibu? Akanitolea macho.

Wengi tunaangalia namba tu, ukiona nyuzi 95 za Selsiasi unashtuka, unakimbilia dukani kununua nyingine. We weka programu ya bure ya kusoma joto kama HWiNFO au Core Temp, ipe mashine kazi nzito, afu kaa uangalie. Ikiruka toka 45 mpaka 95 ndani ya sekunde chache, jua joto halifiki kwenye hitisinki, ukiigusa pembeni (sio kwenye feni jamani, itakukata vidole) utaikuta ya baridi wakati prosesa inaungua, kwahiyo tatizo liko pale zinapogusana. Ila ikipanda kidogokidogo kwa dakika kumi hivi, hapo hitisinki inapokea joto vizuri tu ila joto halina pa kutokea, tafuta kwenye feni, vumbi na njia ya hewa.

Ya kijana iliruka sekunde tatu. Tukachomoa umeme, tukafungua, na chini ya hitisinki kale kanailoni ka kiwandani ka kukinga shaba kalikuwa bado kapo, kamebana vizuri kabisa, na pesti (ile ya kupitisha joto toka prosesa kwenda hitisinki) imepakwa juu yake! Wanafunzi wakacheka sana, mimi nikacheka kidogo maana na mimi niliwahi kuchomeka waya wa feni kwenye plagi ya feni ya boksi badala ya ile iliyoandikwa CPU_FAN, afu nikahangaika mchana mzima.

Sasa kwanini nailoni nyembamba vile ilete balaa? Uso wa shaba na uso wa prosesa ukiuona ni laini, lakini una vibonde vidogovidogo na humo hewa inajificha, na shaba inapitisha joto zaidi ya mara elfu kumi kuliko hewa. Pesti kazi yake ni kujaza vile vibonde, basi, sio kupaka kama siagi kwenye mkate. Tone moja katikati, kama punje ya choroko, linatosha kwa prosesa nyingi za kawaida, ukibana linasambaa lenyewe. Ya zamani uifute yote kwanza kwa kitambaa na alkoholi ya isopropili, usipake mpya juu ya kuukuu. Na wale wanaopaka dawa ya meno badala ya pesti, ndio inasaidia siku mbili tatu, afu maji yake yanakauka inabaki chokaa.

Kubana nako kuna watu wanakosea sana. Usimalize skrubu moja ndo uende ya pili, zungusha kidogo hii, nenda ya kona ya mkabala, rudi, mpaka zote zikaze sawa, la sivyo upande mmoja unanyanyuka. Zile hitisinki za Intel za miguu minne ya plastiki, sukuma usikie inalia ka! afu chungulia nyuma ya mazabodi (ile bodi kuu ya ndani) uone ncha zote nne zimetoka. Na kama mashine yako ni soketi (pale prosesa inapokaa) ya Intel ya LGA 1700, ile iliyokuja 2021, matundu yake ya kufungia hitisinki yameachana milimita 78 wakati LGA 1200 ni 75, kwahiyo hitisinki ya zamani bila breketi yake haikai, usiilazimishe.

Wenye prosesa za AMD za soketi ya AM4 nyie kuweni waangalifu zaidi, pini ziko kwenye prosesa yenyewe, ukivuta hitisinki kwa nguvu inang'oka nayo na pini zinapinda. Washa mashine ipate moto kidogo, zima, chomoa umeme, afu hitisinki izungushe kushoto kulia mpaka iachie.

Kingine, usijilinganishe na video za Ulaya. Hitisinki ya feni haiwezi kushusha prosesa chini ya joto la chumba, na hapa kwetu msimu wa kaskazi chumba kisicho na eisi kinafika 32, kwahiyo ukiona 45 mashine imetulia usihangaike. Intel nyingi zinaanza kujipunguza spidi zikikaribia 100, na Ryzen 7000 za AMD zimetengenezwa zifike mpaka 95 zikiwa na kazi nzito, kwa hizo 95 sio ugonjwa. Na sisi wa karibu na bahari vumbi letu lina chumvi na unyevu, linaganda kwenye feni, mimi nasafisha kila baada ya miezi mitatu.

Ya kijana tukaibandua nailoni, tukafuta, choroko moja ya pesti, tukabana kwa kukatisha kona. Tukaprinti kurasa mia, ikaishia 68. Kale kanailoni akakatia mfukoni, anasema anampelekea aliyemfungia.