Nakshi kwenye chuma kwa chumvi na umeme: maji yaliyobaki yana nini?

Wengi wanaotaka kuchora jina au nakshi kwenye chuma kwa maji ya chumvi na umeme huuliza kwanza: je, nitapigwa shoti? Kwa betri ndogo ya volti 9, hapana. Kwa waya uliochomekwa kwenye soketi ya ukutani, unaweza kufa, kwa hiyo umeme wa ukutani haumo kabisa katika kazi hii. Betri ya gari nayo iache. Volti zake 12 hazikurushi, lakini nyaya zake zikigusana hupita mamia ya ampea na waya huwa mwekundu kwa moto papo hapo. Swali ambalo sisi wa maabara tungependa kulisikia zaidi ni hili: yale maji yaliyobaki yana nini?

Chumvi ikiyeyuka hugawanyika kuwa ioni, yaani chembe ndogo mno zenye chaji ya umeme, nazo ndizo zinazobeba umeme majini. Kipande unachokichora hufungwa kwenye upande chanya wa betri. Hapo atomu za chuma hupoteza elektroni, hubanduka na kuingia majini. Upande hasi hutoka haidrojeni, ndiyo yale mapovu. Ukiona mapovu tele yanatoka kwenye kipande chenyewe na hakuna kinacholiwa, umegeuza nyaya.

Katika miaka ya 1830 mwanasayansi Mwingereza Michael Faraday alionyesha kwamba kiasi cha metali kinachoyeyuka hulingana na kiasi cha umeme uliopita. Ampea 1 ikipita kwa saa 1 huondoa takriban gramu 1 ya chuma. Nakshi yenye eneo la sentimita 10 za mraba itachimbika kwa zaidi kidogo ya sehemu moja ya kumi ya milimita, kina ambacho ukipitisha ukucha unakihisi. Wenye haraka huongeza volti. Wanachopata ni joto, stika au rangi ya kufunikia inayobanduka, na herufi zenye kingo zilizoparuriwa.

Kwa anayeanza, njia ya kijiti cha pamba inatosha. Safisha kipande kwa sabuni, kisha kwa spiriti, maana hata alama ya kidole ina mafuta. Funika sehemu zisizotakiwa kuliwa kwa stika ya plastiki iliyokatwa umbo lako au kwa rangi ya kucha iliyokauka vizuri. Changanya kijiko kikubwa cha chumvi na nusu lita ya maji. Zungushia waya wa upande hasi kwenye pamba, ichovye, kisha iguse nakshi kwa sekunde chache, uinue, urudie. Waya usiguse chuma moja kwa moja. Pamba itatoa povu na kugeuka kijani chafu, kisha kahawia. Hicho ni chuma chako kinachotoka. Usitarajie mistari myembamba kama unywele, kwa sababu umeme hula pia kwa pembeni, chini ya ukingo wa stika, na kadiri unavyochimba ndivyo mstari unavyonenepa.

Fanya kazi penye hewa inayopita, mbali na moto. Haidrojeni ikifika asilimia 4 tu ya hewa inaweza kuwaka. Klorini nayo inaweza kutoka upande chanya, na ukisikia harufu kama ya dawa ya kung'arisha nguo, kata umeme, ondoka, acha hewa ipite. Kuna wanaoshauri kutia siki. Hatuoni sababu ya kufanya hivyo, kwani tindikali huirahisishia klorini kutoka majini.

Sasa yale maji. Chuma cha kawaida huacha tope la kahawia, ndugu wa kutu, lisilo na sumu kubwa. Ukichora shaba, hiyo ni habari nyingine: ioni zake ni sumu kwa samaki na viumbe wadogo wa majini hata zikiwa kidogo, hivyo maji hayo hayamwagwi kwenye sinki wala mtaro. Chuma kisichoshika kutu, kile cha vijiko na sufuria zinazong'aa, ndicho kinachotutia wasiwasi zaidi. Kina kromiamu, na umeme unaweza kuigeuza kuwa aina yake iitwayo kromiamu ya valensi 6, ambayo husababisha saratani. Maji yakianza kuonekana ya manjano, usiendelee. Ushauri wetu ni kutokichora chuma hicho nyumbani kwa njia hii, na kutokitumia hata kama kipande cha upande hasi, kwa kuwa siku utakapogeuza nyaya kwa bahati mbaya ndicho kitakacholiwa.

Vaa glavu na miwani ya kukinga macho. Tope la shaba liache litulie kwenye chombo cha plastiki kilicho wazi mpaka maji yakauke, mbali na watoto na wanyama, kisha lifunge na ulipeleke panapopokelewa taka za kemikali pamoja na pamba zake. Kipande chenyewe kioshe kwa maji mengi, kikaushe na ukipake mafuta siku hiyo hiyo. Chumvi ikibaki kwenye mistari itaendelea kukila bila betri.