Giza la vanishi si huzuni ya mchoraji

Nilipokuwa mwanagenzi kwenye karakana ya kuhifadhi picha za kale, nilipewa picha ya mwanamume aliyesimama mbele ya ukuta mweusi, nikaambiwa niiandikie maelezo. Nilijaza karatasi nzima. Nikaandika juu ya upweke wa mchoraji, juu ya mtu aliyeipa dunia kisogo, juu ya weusi ulio kama mlango wa kaburi. Mwalimu wangu akasoma, asiseme neno. Akachukua kijiti, akakizungushia pamba, akakilowesha kwa mate yake mwenyewe (ndiyo, mate, yana vimeng'enya vinavyolegeza uchafu, na wahifadhi wengi wanayatumia mpaka leo), kisha akaanza kukiviringisha taratibu kwenye kona ya juu. Pamba ikatoka na masizi. Akabadilisha pamba, tena na tena. Kwenye kidirisha cha sentimita mbili ikajitokeza anga ya buluu, na ncha ya wingu.

Ile karatasi ninayo hadi leo.

Tangu hapo, mtu akinisimamisha mbele ya picha ya zamani na kuniuliza mchoraji alikuwa na majonzi gani, huwa namrudishia swali: juu ya hiyo rangi kumekaa nini, na nani aliigusa mara ya mwisho? Simaanishi kwamba maisha ya msanii hayamo katika kazi yake. Yamo, tena tele. Ila mara nyingi hayako pale tunapoyatafuta.

Chukua picha ya Rembrandt, mchoraji wa Uholanzi, ya mwaka 1642 inayoitwa "Ulinzi wa Usiku". Masimulizi yaliyozoeleka ni haya: mkewe Saskia alifariki mwaka huohuo, mchoraji akazama gizani, akachora usiku, wateja wakachukia, akaporomoka. Hadithi tamu, lakini haishiki. Picha yenyewe si ya usiku. Ni askari wa mgambo wa Amsterdam wanatoka mchana, na mkono wa nahodha wao, Frans Banninck Cocq, umeangusha kivuli juu ya koti la njano la luteni wake. Kivuli cha jua. Jina la usiku lilikuja zaidi ya karne moja baadaye, vanishi ilipokwisha kupiga weusi. Vanishi ya zamani ni utomvu wa miti ulioyeyushwa. Ukiwa mpya unang'aa kama maji, ukizeeka unakuwa manjano, halafu kahawia, na kila anayeogopa kuuondoa anapaka mwingine juu yake. Kuhusu hasira ya wateja, picha ilitundikwa kwenye ukumbi wa mgambo wenyewe na ikakaa huko zaidi ya miaka 70. Watu hawafanyi hivyo kwa kitu walichokikataa.

Kisha ukaja mkasi. Mwaka 1715 picha ilihamishiwa jengo la halmashauri ya mji, haikuenea ukutani, ikakatwa pande zote nne. Kushoto ndiko ilikoumia zaidi, na watu waliokuwa upande huo wakatoweka. Tunajua hivyo kwa sababu Gerrit Lundens alikuwa ameshaichora nakala ndogo kabla haijakatwa. Katika nakala hiyo nahodha hayuko katikati; kikosi chote kinasogea, kina nafasi ya kuingilia. Leo amesimama katikati kama anapigwa picha ya pasipoti, na wapo wachambuzi waliousifu mpangilio huo kana kwamba Rembrandt ndiye aliyeshika mkasi.

Shida zake za kweli zimo kwenye hati. Mwaka 1639 alinunua nyumba kwa gilda 13,000 (gilda ni sarafu ya Uholanzi ya enzi hizo) na hakumaliza kuilipa. Mwaka 1656 alifilisika, na karani akapita chumba kwa chumba akiorodhesha mali: vipengele 363, vikiwemo sanamu za kale, silaha, makombe ya baharini na rundo la michoro ya wasanii wengine. Ukiisoma orodha hiyo unamwona mtu asiyeweza kupita mnadani mikono mitupu. Mwaka 1660 mwenzi wake Hendrickje na mwanawe Titus waliunda kampuni ya kuuza picha, na Rembrandt akawa mwajiriwa wao, ili wadai wasikamate kila anachomaliza kuchora. Baada ya hayo yote, rangi yake haikufifia. Ilizidi kuwa nene, ikawekwa kwa kisu, mpaka mkono wa nguo ya mtu unajitokeza kama ukoko wa mkate. Huko ndiko ninakomtafuta.

Michelangelo naye alionewa na masizi. Kwa muda mrefu watu walisema kwamba dari ya Kanisa la Sistine huko Vatikani, aliyoichora kati ya 1508 na 1512, ni kazi ya mchonga mawe asiyejali rangi, mtu wa kisirani anayeona dunia kijivu. Dari ilipoanza kusafishwa mwaka 1980, chini ya moshi wa mishumaa na gundi za warekebishaji wa zamani zikatoka zambarau, kijani kibichi na rangi ya chungwa. Wengine hawakuamini, ugomvi wa kitaaluma ulikuwa mkali, na kwa haki, kwani kusafisha kupita kiasi ni kosa lisilorekebishika. Mimi niko upande wa waliosafisha.

Kisirani anacho, lakini kipo kwenye shairi alilotunga. Alimwandikia rafiki yake kwamba ndevu zimeelekea mbinguni na brashi inamdondoshea rangi usoni, na pembeni akajichora amesimama, mkono juu. Kwa hiyo sahau ile taswira ya mtu aliyelala chali jukwaani. Hata kasi yake inapimika. Fresko hupakwa kwenye lipu mbichi, na fundi huandaa kipande atakachokimaliza kabla hakijakauka. Maungio ya vipande hivyo yanaonekana ukikaribia, unayahesabu kama unavyohesabu siku kwenye daftari la mahudhurio. Mwili wa Adamu ulimchukua siku nne.

Leonardo da Vinci asingeweza kasi hiyo. Alipochora "Karamu ya Mwisho" huko Milano, kati ya 1495 na 1498, shahidi mmoja aliandika kwamba siku nyingine alichora toka alfajiri hadi jua kuzama bila kula, na siku nyingine alisimama tu mbele ya ukuta akitazama. Lipu mbichi haimsubiri mtu wa namna hiyo. Akaamua kupaka juu ya ukuta mkavu ili arudie-rudie atakavyo, na picha ikaanza kubanduka kabla kizazi chake hakijaisha. Hapo sihitaji kubuni hisia zozote. Tabia ya mtu imeandikwa kwenye kila gamba lililodondoka.

Nikifika kwa Vermeer huwa natumia muda mrefu, mnisamehe. Alizaliwa Delft, Uholanzi, mwaka 1632 na tunazo picha zake zisizofika 40. Buluu yake inatokana na lapisi lazuli, jiwe lililochimbwa kwenye milima ya Afghanistan. Ukilisaga tu unapata unga wa kijivu usiovutia. Ilibidi unga huo ukandwe pamoja na nta, utomvu na mafuta mpaka uwe donge, donge liachwe siku kadhaa, kisha likandwe tena kwa mikono ndani ya maji ya majivu. Buluu inatoka kidogo-kidogo na kutuama chini ya bakuli. Mkamuo wa kwanza ndio bora. Wa mwisho ni majivu yenye harufu tu ya buluu. Bei ya ule wa kwanza ilishindana na ya dhahabu, na wachoraji wengi waliutunza kwa ajili ya joho la Bikira Maria.

Vermeer aliuficha. Kwenye picha ya msichana mwenye bilauri ya divai, ultramarini, yaani buluu hiyo ya lapisi, imekaa chini ya vivuli vya gauni jekundu, mahali ambapo mnunuzi asingejua kama ipo au haipo. Na alifanya hivyo akiwa baba wa watoto wengi. Vita vya 1672 viliua soko la picha. Alipofariki Desemba 1675, akiwa na miaka 43, aliacha watoto 11 na madeni. Mjane wake, Catharina Bolnes, alimwachia mwoka mikate picha mbili kwa deni la zaidi ya gilda 600. Fikiria ni mikate mingapi hiyo. Tukimtazama msichana wake mwenye hereni ya lulu tunasema "utulivu", "fumbo", na tunausifia ule weusi uliomzunguka. Wahifadhi wa makumbusho ya Mauritshuis walitangaza mwaka 2020 kwamba nyuma yake kulikuwa na pazia la kijani. Rangi zake za mimea zilichuja, ukabaki msingi mweusi wa chini. Fumbo limetengenezwa na mwanga wa miaka 350.

Van Gogh ndiye anayeniudhi zaidi, si yeye, bali sisi tunaomsoma. Watu wanaingia mbele ya "Chumba cha Kulala", wanaona kuta za buluu baridi na kusema, naam, huyu alikuwa anapoteza akili. Barua zake za Oktoba 1888 zinasema kuta ni za urujuani uliofifia na kwamba alitaka picha izungumzie mapumziko. Urujuani aliupata kwa kuchanganya buluu na nyekundu. Nyekundu ile haikuhimili mwanga, ikatoweka, buluu ikabaki peke yake. Naye alijua. Alimwandikia nduguye Theo kwamba rangi za kisasa hazidumu, kwa hiyo ni bora kuzipaka kali kupita kiasi na muda utazipoza. Hilo ni hesabu la fundi anayejua vifaa vyake, si kelele ya mgonjwa. Alikuwa mgonjwa, ni kweli, na alijifia mwaka 1890 akiwa na miaka 37. Lakini rangi ya ukuta ule si cheti cha daktari.

Hapa kuna msanii mmoja ambaye wasifu wake umemmeza kabisa. Artemisia Gentileschi, mchoraji wa Italia, alibakwa na mchoraji Agostino Tassi mwaka 1611. Kwenye kesi ya mwaka uliofuata, ili kupima ukweli wa maneno yake, alifungwa kamba vidoleni zikakazwa, mchoraji, vidoleni. Kisha alichora Yudithi, yule mjane wa kisa cha Biblia, akimkata kichwa jemadari Holoferne, damu ikiruka, na tangu hapo kila mtu anaiona picha kama kisasi. Huenda kisasi kimo. Lakini Yudithi lilikuwa somo lililonunuliwa sana, mchoraji Caravaggio alikuwa ameshalichora, na Artemisia alifanya kazi kwa zaidi ya miaka 40. Mwaka 1616 akawa mwanamke wa kwanza kupokewa na akademia ya uchoraji ya Florence. Mimi nampenda zaidi yule wa barua za 1649 kwa Don Antonio Ruffo, mteja aliyetaka apunguziwe bei kwa theluthi nzima. Anamkatalia. Anakataa pia kutuma rasimu kabla ya malipo, kwa sababu mteja mwingine alishachukua rasimu yake akampa mchoraji wa bei nafuu amalizie. Yeyote anayeishi kwa ufundi wa mikono yake anaijua hasira hiyo.

Judith Leyster, mchoraji wa Haarlem, Uholanzi, alikuwa na tatizo la kinyume: hakuachiwa wasifu kabisa. Picha zake ziliuzwa kama za mchoraji mwenzake Frans Hals mpaka mwaka 1893, ilipogunduliwa sahihi yake: herufi J na L zilizounganishwa, na nyota ubavuni, kwani jina lake lina maana ya nyota ya kuongoza wasafiri. Nyota ilikuwepo muda wote.

Na Edward Saidi Tingatinga? Wengi wanakumbuka kifo chake, risasi ya polisi waliomdhania mwizi, mwaka 1972. Mimi naangalia rangi ya baiskeli juu ya ubao wa dari. Rangi ya namna hiyo ni nzito, inang'aa, haikubali kulainishwa taratibu ili giza liyeyukie kwenye mwanga. Inataka umbo lenye ukingo safi, rangi moja baada ya nyingine. Wanaosema wanyama wake ni "wa kitoto" wajaribu kupaka kivuli cha Rembrandt kwa kopo lile.

Kwa walio mbali zaidi hatuna hati wala jina. Kwenye pango la Cueva de las Manos, Argentina, kuna mamia ya viganja vilivyopulizwa rangi pembezoni, baadhi vyenye umri wa miaka zaidi ya 9,000. Nyingi ni alama za mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa na kazi: ulikuwa umeshika kijifupa cha kupulizia.