Mwalimu Naye Alowe Kwanza

Muulize mwanafunzi wa darasa la sita mjini Morogoro maana ya bonde la mto, yaani eneo lote ambalo maji yake huishia katika mto mmoja, atakutajia kama ilivyo daftarini bila kukosea neno. Muulize maji ya mto anaouvuka kila asubuhi akienda shule yanaishia wapi, atanyamaza. Mara nyingi mwalimu wake naye hunyamaza, na hapo ndipo huanzia mafunzo yetu ya walimu, ya kufundisha mito kwa kupima na kuona.

Mto Morogoro unashuka kutoka milima ya Uluguru, unapita mjini, unaingia Ngerengere. Ngerengere unaingia Ruvu, na Ruvu unamwaga maji Bahari ya Hindi upande wa Bagamoyo. Kabla hayajafika huko, mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini huyavuta kwa ajili ya Dar es Salaam. Anayelima mchicha ukingoni mwa mto Morogoro na anayefungua bomba Kimara ni watu wa bonde moja, ingawa hawajuani.

Siku ya kwanza hatuonyeshi slaidi. Kila kikundi cha walimu hupewa karatasi waikunjekunje mpaka iwe kama ngumi, waifungue nusu, kisha wapake wino kwenye migongo iliyoinuka. Wakinyunyizia maji, wino hushuka kwenye mikunjo na kukusanyika chini. Ile migongo ndiyo mipaka ya mabonde. Tunawaambia waweke kijiji, choo, shamba na kisima popote wapendapo. Dakika tano hazipiti, wanabishana kama wajumbe wa kikao cha ardhi.

Kesho yake tunakwenda mtoni na chungwa. Pima mita 10 kwa kamba, litupe chungwa katikati ya mkondo, hesabu sekunde. Tuseme limetumia sekunde 20: kasi ni nusu mita kwa sekunde. Maji ya juu hukimbia kuliko ya chini, kwa hiyo zidisha kwa 0.8. Kijito kikiwa na upana wa mita 2 na kina cha wastani cha sentimita 30, zidisha upana, kina na kasi hiyo, unapata lita 240 kila sekunde, yaani ndoo 12 za lita 20. Nimeona walimu wa hisabati wakirudia hesabu hiyo mara tatu kwa kutoamini. Na chungwa likinasa kwenye majani, ndilo somo lenyewe: rudia, andika vipimo vyote, tafuta wastani.

Baada ya hapo tunageuza mawe. Chini yake kuna wadudu bapa wenye mikia miwili au mitatu, ambao wengi wao hawavumilii maji machafu. Ukikuta minyoo myekundu ya matopeni peke yake, basi hewa ndani ya maji ni haba. Kuna jambo sikubali lipuuzwe hapa: pale maji yanapotulia na konokono wapo, mtoto asiingie, maana kichocho hakina mzaha. Chagua sehemu yenye mkondo usiozidi goti, vaeni gambuti, na mvua ikinyesha milimani ghairini safari hata kama kwenu jua linawaka.

Kigumu zaidi kwa mwalimu ni kusema "sijui, tupime." Amezoea kuwa na jibu kabla ya swali. Ndiyo maana katika mafunzo yeye ndiye anayelowa kwanza, anayekosea hesabu kwanza, mbele ya walimu wenzake. Kuhusu darasa la watoto 80, hatudanganyi kwamba ni rahisi. Gawa vikundi: wengine mtoni, wengine wachore ramani ya mteremko wa shule, wengine wafuate maji ya mvua kutoka bati hadi mtaroni. Shule isiyo na mto ina paa.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Watoto wakinyoosha kamba ya mita 60, ndani yake hukuta mashamba ya wazazi wao, pengine hata choo cha shule. Mwalimu asiwatume nyumbani kukemea watu. Mwaka 1955 zilizuka ghasia Uluguru, wakulima wakikataa kulazimishwa kuchimba matuta ya ngazi na serikali ya kikoloni. Wazee wa huko hawahitaji kuelezwa maana ya mmomonyoko, bali kuulizwa. Mwaliko wa babu mmoja aje aonyeshe mto ulipokuwa ukipita zamani una faida kuliko chati kumi za manila.

Kisha kipimeni kijito kilekile, mahali palepale, masika na kiangazi, mkiandika tarehe, sekunde, kina na rangi ya maji. Daftari hilo lihifadhiwe ofisini kwa mwalimu mkuu na kuorodheshwa kama mali ya shule, kwa sababu mwalimu akihamishwa huondoka na daftari lake, na aliyempokea huanza tena mwaka wa kwanza.