Kabla ya Pampu, Mkulima Huuliza Soko

Sehemu kubwa ya kusini mwa Uganda hupata mvua mara mbili kwa mwaka: Machi hadi Mei, kisha Septemba hadi Novemba hivi. Nyanya zilizokuzwa kwa mvua hiyo huingia sokoni kwa pamoja, bei ikaporomoka. Anayevuna wakati wa kiangazi huuza wakati wenzake hawana kitu. Hesabu hiyo ndiyo inayomvuta mkulima mdogo kwenye umwagiliaji. Mahubiri yetu ya tabianchi, sisi tunaohamasisha umwagiliaji, huja baadaye sana. Ndiyo maana walimaji wa nyanya, kabichi na nakati (mboga ya majani) wanaouza Kampala hutangulia, na mwenye mahindi ya kula nyumbani husitasita. Simlaumu.

Soko likiwapo, swali linalofuata ni umbali wa maji. Chukua robo eka. Siku ya jua kali mimea huhitaji milimita 4 hivi za maji, yaani karibu lita 4,000: madumu 200 ya lita 20. Nani atayabeba? Mara nyingi ni mama na watoto, na umwagiliaji wa ndoo hufia hapo. Pampu husaidia, ila ile inayokaa juu na kuvuta haiwezi kunyanyua maji yaliyo chini zaidi ya mita 7 hivi, muuzaji aape apendavyo. Pima kisima kabla hujatoa pesa.

Ardhi nayo ina neno. Mwenye kibanja, yaani anayekaa na kulima kwenye ardhi yenye hati ya mtu mwingine, akizozana na mwenye hati hiyo (huitwa hati ya mailo), hatafukia mabomba. Anayekodi kwa msimu atataka mashine ya kubebeka. Mwanamke hukwama zaidi, kwa kuwa mara nyingi shamba analolima huamuliwa na mume au ukoo.

Serikali, kupitia Wizara ya Kilimo, imekuwa ikichangia gharama za mitambo kwa mashamba yasiyozidi eka mbili na nusu. Mkulima hutoa sehemu yake kabla ya kufungiwa mtambo, na hapo mwanachama wa SACCO (chama cha akiba na mikopo) ana nafuu.

Hata hivyo, jirani mwenye pampu hushawishi kuliko semina zetu. Watu humwendea na maswali ambayo vipeperushi havijibu: spea zinapatikana wapi, fundi akiitwa huja lini, pampu inalala wapi usiku? Wengi huilaza ndani kwa hofu ya wezi. Ukitaka kuomba mchango huo wa serikali, anzia kwa afisa kilimo wa kaunti ndogo yako, na umwulize hayo hayo kabla ya kujaza fomu.