Mtoto anaposikia sauti, naomba mkojo wake kwanza

Binti wa miaka kumi na tatu ameacha skuli ghafla, halali, anazungumza na wasioonekana. Kwetu Pemba, mpaka afike kwa daktari wa watoto mara nyingi ameshasomewa, ameshanyweshwa kombe, pengine ameshapungwa. Sigombani na wazee kwa hilo. Mimi nauliza mengine: viungo vimewahi kuvimba? Nywele zinanyonyoka? Uso unawiva akipigwa na jua? Homa haikati na malaria haionekani? Kisha naomba mkojo. Kijiti cha kupimia kikibadilika kutoka manjano kuwa kijani pale penye protini, lupasi inapanda juu kabisa ya orodha yangu.

Lupasi ni kinga ya mwili kumgeukia mwenyewe. Ikianza utotoni huwa kali kuliko ya watu wazima, na figo na ubongo ndivyo vinavyoumia zaidi.

Damu tunaanza na kipimo cha ANA, yaani kingamwili (silaha za kinga zilizomo kwenye damu) zinazolenga viini vya seli za mwili wenyewe. Karibu kila mwenye lupasi anayo, ila hata watoto wasioumwa chochote huweza kuwa nayo, kwa hiyo peke yake haitoshi. Kingamwili dhidi ya DNA, pamoja na kushuka kwa C3 na C4, protini za damu zinazosaidia kinga, hunieleza zaidi habari za figo kuliko za akili.

Kwa akili, inayozungumzwa sana ni kingamwili dhidi ya protini P za ribosomu, vile viwanda vidogo vya protini ndani ya seli. Mwaka 1987 Eloisa Bonfá na wenzake walipima wagonjwa 20 waliopata saikosisi, yaani kusikia au kuamini yasiyokuwepo, kwa sababu ya lupasi. 18 walikuwa nayo. Matumaini yalikuwa makubwa, na ninaelewa kwa nini. Lakini uchambuzi wa tafiti nyingi uliotoka 2006 ulionesha kuwa kipimo hicho kinawanasa takriban robo tu ya wenye lupasi ya ubongo. Kwa hiyo jibu likirudi “haipo”, mtoto bado hajasalimika. Kumnyima dawa mtoto aliyechanganyikiwa, mwenye viungo vilivyovimba na mkojo wenye protini, eti tunasubiri karatasi ya maabara, mimi sikubaliani nako hata kidogo.

Kingamwili dhidi ya fosfolipidi, mafuta ya kuta za seli, nazo nazitafuta, maana hugandisha damu. Zinaweza kuleta kiharusi, degedege, au mikono kuchezacheza bila mtoto kutaka.

Kabla ya dozi kubwa ya prednisoloni, dawa ya kutuliza kinga iliyomgeukia mtoto, lazima tuhakikishe hakuna maambukizi. Hapo ndipo tunapotoa maji ya uti wa mgongo, na wazazi huogopa sana. Nawaeleza taratibu: dawa inayoshusha kinga, ikimkuta mtoto ana homa ya uti wa mgongo, inaweza kumuua.

Tena prednisoloni yenyewe, dozi ikiwa kubwa, huweza kuvuruga akili. Basi je, dalili zilianza kabla ya vidonge, au siku chache baada ya dozi kupandishwa? Kama ni kabla, huenda dozi ikahitaji kuongezwa. Kama ni baada, huenda ikahitaji kupunguzwa. Hakuna kingamwili inayolijibu hilo. Anayelijibu ni mama, na ndiyo maana namwambia aandike tarehe kwenye daftari la kliniki.

Na akiniambia, “Daktari, vidonge vinamvimbisha uso, nimemwachisha,” naacha yote tunayozungumza. Mwili uliozoea prednisoloni huwa umepunguza kutengeneza homoni yake ya namna hiyo. Ukikatiwa ghafla, shinikizo la damu linaweza kuporomoka mtoto akazimia. Inapunguzwa kidogo kidogo, kwa ratiba ya daktari wake, hata kama binti anaonekana amepona na amesharudi skuli.