Ustawi wa wanyama: si haki, wala si uhifadhi

Juzi nikiwa kwenye daladala ya Kibosho, kabla hatujatoka Moshi mjini, redio ikawa inazungumzia watu wanaotaka sheria ya wanyama iongezewe meno. Konda akacheka: "Haki za wanyama! Kesho mbuzi atadai mshahara." Mzee mmoja akamtuliza, "Hayo ni ya watu wa hifadhi, kijana wangu, mambo ya tembo na faru." Wote wawili walikosea, kila mmoja kwa upande wake, na mimi makosa hayo nimeshayasikia mara nyingi mno.

Ustawi wa wanyama ni hali ya mnyama mwenyewe, mwili na hisia zake, akiwa mikononi mwa binadamu. Ameshiba? Anaumwa? Anaogopa? Basi.

Neno lenyewe tumezoea kulisikia kwenye "ustawi wa jamii", ile ofisi ambako kina mama hupeleka kesi za matunzo ya watoto. Asili yake ni Kiarabu, istawa, yaani kukaa sawa, kuiva. Kwetu liliingia shambani: mahindi yamestawi, migomba imestawi. Na mgomba ukishastawi, mkungu tunaukata bila kuulizana. Hapo ndipo ustawi unapoachana na haki. Anayetetea haki za wanyama kwa maana yake kamili anauliza kama tuna ruhusa ya kumchinja mbuzi hata kidogo. Mtu wa ustawi hana ugomvi na nyama choma yako. Anauliza mbuzi huyo alifikaje machinjioni, na kisu kilikuwa kikali kiasi gani.

Uhifadhi nao ni jambo jingine, unahesabu kundi: tembo wamebaki wangapi, wanapita wapi. Ustawi unamtazama mmoja, punda huyu, mwenye kidonda hiki chini ya kamba ya mkokoteni. Tembo wanaweza kuongezeka kila mwaka na kidonda kile kisipone. Hata Bunge letu lilitenganisha: Sheria ya Ustawi wa Wanyama ni ya mwaka 2008, na ya Uhifadhi wa Wanyamapori ikafuata 2009. Kwa hiyo hakuna anayedai sheria mpya ya ajabu. Wanachotaka ni adhabu inayouma, na mtu wa kumpigia simu ukiona mbwa wa jirani anashinda juani kwenye mnyororo bila maji.

Usidhani pia kuwa ustawi ni kinyume cha ukatili tu. Shangazi yangu hana ukatili hata chembe. Ng'ombe wake wa ndani, pale kihambani, yaani shamba la nyumbani, analetewa majani kutoka tambarare, anakatiwa mgomba vipande vipande, manyoya yanang'aa. Lakini banda ni jembamba kama kabati. Akitaka kulala anajishusha kidogo kidogo, ubavu ukikwaruza mbao, na goti la kulia limeota sugu jeusi la ukubwa wa kikombe cha kahawa. Mwaka 1965, kamati ya Profesa Brambell iliyochunguza mifugo ya kufungiwa huko Uingereza ilisema mnyama aweze angalau kusimama, kulala, kugeuka, kujisafisha na kunyoosha viungo. Ng'ombe wa shangazi kusimama anaweza. Kulala, kwa taabu. Kugeuka, tangu banda lijengwe, bado. Nilipomwambia, alinitazama kama niliyemtukana, akanionyesha ndoo ya maziwa.

Basi, konda, mbuzi hatadai mshahara, na Mzee, tembo wana watu wao. Redio ilikuwa inawasema wale kuku sita waliofungwa miguu na kuning'inizwa vichwa chini nyuma ya daladala yetu, tangu stendi.