Je, wajua kwa nini kuku humeza mawe, mbuzi hucheua na farasi hawezi kutapika?

Ukifuga mbuzi, kuku na farasi katika shamba moja dogo, utagundua mapema kwamba hakuna anayeheshimu sahani ya mwenzake. Mbuzi amekwisha kupanda kihori cha farasi kwa miguu ya mbele. Kuku wanapita chini ya matumbo ya wote wawili wakidonoa kilichomwagika. Farasi naye, pamoja na ukubwa wake, amenyoosha shingo juu ya uzio akiitafuta ndoo ya kuku. Mgeni akiona hivyo hujiuliza kwa nini unahangaika na ndoo tatu wakati moja ingetosha na kazi ya asubuhi ikaisha mapema.

Jibu ni kwamba ndoo hiyo moja ingeweza kumnenepesha wa kwanza, kumvimbisha wa pili na kumuua wa tatu. Ukitaka kujua kwa nini, usiangalie midomo yao. Angalia matumbo.

Tuanze na tatizo wanalokabiliana nalo wote. Majani na nyasi zimejengwa kwa selulosi, yaani nyuzi ngumu za mmea, na hakuna hata mmoja kati yao mwenye kimeng'enya cha kuivunja. Si mbuzi, si farasi, sembuse kuku. Mbuzi anayeonekana kushiba kwa matawi makavu anategemea viumbe wasioonekana kwa macho, bakteria na wenzao, ambao wanaifanya kazi hiyo kwa niaba yake. Tofauti kubwa kati ya mbuzi na farasi ni mahali walipowaweka wafanyakazi hao. Mbuzi amewaweka mlangoni, kabla ya tumbo lenye asidi. Farasi amewaweka ua wa nyuma. Kuku ameamua kutojisumbua sana na nyasi; yeye anatafuta mbegu na wadudu, na taabu yake ni nyingine kabisa, kwamba hana meno.

Mtazame mbuzi akila. Mbele, kwenye taya la juu, hana meno, ana ufizi mgumu tu. Mdomo wake wa juu mwepesi hukamata jani kama kidole, meno ya chini hulibana kwenye ufizi, kichwa hutikisika kidogo, jani limetoka. Hatafuni sana. Anameza, anahamia tawi jingine, anachagua, anameza. Ni mlaji mwenye haraka na mwenye madaha kwa pamoja: anapenda majani ya vichaka kuliko nyasi za chini, na chakula alichokikanyaga mwenyewe hataki kukirudia.

Baadaye anajilaza kivulini na kazi ya kweli inaanza. Ukiitazama shingo yake upande wa kushoto utaona donge dogo likipanda kutoka kifuani kwenda mdomoni. Anatafuna taya likienda upande upande, bila haraka, anameza, kisha unapita muda mfupi na donge jingine linapanda. Huko ndiko kucheua. Mababu zake waliishi milimani, wakawa wakishuka malishoni, wakijaza tumbo upesi, kisha wakirudi kwenye majabali kutafuna mahali ambapo adui hawafikii. Mbuzi wa leo analala nyuma ya banda ambako hakuna chui, lakini desturi haijamtoka.

Tumbo lake lina vyumba vinne. Kile kikubwa, rumeni, kimejaa ubavu wa kushoto, na kwa mbuzi mkubwa kinaweza kubeba lita 15 au zaidi. Humo mna joto la kama nyuzi 39, hakuna oksijeni, na katika kila mililita ya maji yake mna mabilioni ya bakteria. Wanachachusha majani na kutoa asidi za mafuta ambazo mbuzi anazinyonya kupitia kuta za rumeni. Hizo ndizo nishati yake kuu. Halafu bakteria wenyewe husukumwa pamoja na mabaki hadi chumba cha nne, chenye asidi, nao wanameng'enywa. Kwa hiyo mbuzi huwalisha wafanyakazi wake majani, kisha anawala. Sehemu kubwa ya protini inayomjenga inatoka kwao.

Mtambo huo una gharama. Uchachushaji hutoa gesi nyingi, na mbuzi lazima abeue kutwa nzima ili iondoke. Akila majani mabichi ya jamii ya kunde kwa wingi, hasa yakiwa na unyevu na yeye akiwa na njaa, povu hutanda tumboni na gesi inakosa njia. Ubavu wa kushoto unavimba na kukaza kama ngoma, na akikawia kusaidiwa anaweza kufa siku hiyo hiyo. Nafaka nayo ina balaa lake: akivunja mlango wa ghala akajishindilia mahindi, bakteria wanaopenda wanga huongezeka ghafla, rumeni inakuwa kali kwa asidi, na wale wanaovunja nyasi wanakufa. Ndiyo sababu chakula kipya hubadilishwa kidogo kidogo kwa wiki moja au mbili. Unawapa muda bakteria wa tumboni, maana mbuzi mwenyewe angekubali kubadilishiwa leo leo.

Mwanambuzi bado hana mtambo huu. Anaponyonya, mfereji mdogo hujikunja na kuyapitisha maziwa moja kwa moja hadi chumba cha nne, bila kugusa rumeni. Bakteria anawapata polepole, kwa kulamba, kudokoa majani na kumgusa mama yake.

Sasa farasi. Ukilinganisha na mwili wake, tumbo lake ni dogo ajabu: mnyama wa kilo 500 ana tumbo la lita 8 hadi 15 hivi. Yeye ni mnyama wa nyika zilizo wazi, ambaye kinga yake ni mbio, na mbio hazipatani na pipa la majani lililoning'inia mbele. Badala ya kujaza na kujificha, yeye anakula kidogo kidogo karibu wakati wote. Akiachwa malishoni atakula saa 16 au hata 18 kwa siku.

Mwili wake umelizoea hilo kiasi kwamba tumbo linatoa asidi usiku na mchana, chakula kiwepo kisiwepo. Kinachoipoza asidi hiyo ni mate, na hapa farasi ana jambo lisilofanana na letu: sisi midomo hujaa mate kwa kunusa chungu tu, lakini mate yake humwagika anapotafuna. Asipotafuna, hakuna mate ya kutosha; pasipo mate, asidi inaunguza. Farasi anayelishwa milo miwili mikubwa ya nafaka kwa siku na kushinda bure katikati anajitengenezea vidonda vya tumbo, hata kama mbavu hazionekani. Ndiyo maana asubuhi farasi ndiye wa kwanza kupewa nyasi kavu, mbuzi hata wapige kelele namna gani.

Na kutapika? Pale umio unapoingia tumboni pana msuli wa mviringo wenye nguvu nyingi mno, na umio wenyewe unaingia kwa mshazari. Kadiri tumbo linavyojaa, ndivyo njia ya kurudi inavyozidi kubanwa. Mlango huo unafunguka kuelekea upande mmoja tu. Mbwa akila kibaya hukirudisha. Farasi akishakimeza lazima kipite mpaka mwisho, au kisipite. Tumbo lililojazwa kupita kiasi linaweza hata kupasuka.

Kinachopita hufika kwanza kwenye utumbo mwembamba, ambako sukari, wanga na protini hunyonywa, halafu nyuzi za majani zinaingia sekamu, mfuko wenye ukubwa wa kama lita 30, na utumbo mpana unaofuata. Hapo ndipo bakteria wa farasi wanapokaa. Wanamtengenezea asidi za mafuta kama wale wa mbuzi, lakini wenyewe wako chini ya mahali pa kumeng'enyea protini, hivyo wengi wao huishia kwenye mavi. Ikitokea nafaka nyingi ikaupita utumbo mwembamba bila kumalizwa, inachacha huko nyuma, sumu zinaingia damuni, na cha kustaajabisha ni kwamba maumivu huonekana miguuni: tabaka laini linaloshikilia mfupa ndani ya ukwato linavimba, na farasi anasimama akiegemea nyuma kama anayekanyaga makaa. Aliyekosea ni tumbo, anayechechemea ni ukwato.

Ukitaka kuyaona haya yote bila kupasua mnyama, chukua koleo uende kuzoa samadi. Mavi ya mbuzi ni gololi ngumu, zimekamuliwa maji mengi, na majani yaliyomo yamesagwa mpaka hayatambuliki, kwa kuwa yametafunwa zaidi ya mara moja. Ya farasi ni madonge yenye unyevu ambamo vipande vya nyasi bado vinaonekana, na punje zilizopona humo ndizo zinazowafanya kuku wayachakure kwa furaha. Ya kuku yana kofia nyeupe juu: huo ndio mkojo wake, asidi ya uriki iliyoganda, kwani hana kibofu na kila kitu kinatoka kwa tundu moja. Yai pia, ukipenda kulifikiria hilo wakati wa kifungua kinywa.

Kuku humeza punje nzima nzima. Inakwenda kwanza kwenye gole, ule mfuko ulioko chini ya shingo, inakaa humo ikilainika, kisha inapita kwenye tumbo dogo lenye asidi na kuingia firigisi. Kila aliyewahi kusafisha firigisi ameiona ngozi ile ngumu ya njano ya ndani, na ndani yake changarawe. Hizo ndizo meno yake. Misuli minene inabana, mawe yanasagana na punje, na unga unatoka. Nguvu yake si ya mzaha: katika karne ya 18 mtafiti wa Italia, Lazzaro Spallanzani, aliwamezesha ndege wenye firigisi vipande vya kioo, na vikakutwa vimesagwa kingo zake kali bila firigisi kuchanika. Changarawe nazo huisha, kwa hiyo kuku anayekula punje nzima na majani anahitaji nyingine. Aliyefungiwa ndani na kulishwa unga mtupu anaweza kuishi bila hizo. Tusizichanganye na maganda ya kombe anayopewa mtetea anayetaga. Hayo yanayeyuka na kumpa kalisi, kama gramu 2 kwa ganda la kila yai. Changarawe kazi yake ni kusaga tu.

Turudi kwenye ndoo ya kuku ambayo farasi anaitamani, maana hapa ndipo wengi wanapoumia. Chakula cha vifaranga mara nyingi hutiwa dawa ya kuzuia koksidia, vijidudu vinavyoleta kuhara damu, na mojawapo ya dawa hizo ni monensini. Kwa kuku ni kinga. Mbuzi nao katika nchi kadhaa hupewa kwa kipimo. Kwa farasi ni sumu inayoharibu misuli ya moyo, na haina dawa ya kuitengua. Miligramu 2 hadi 3 kwa kila kilo ya uzito wa mwili zinatosha kuua farasi, wakati kwa kuku inahitajika kama 200. Na kwa kuwa hawezi kutapika, alichokula kimekwisha kuliwa. Kwangu mimi hii peke yake inatosha kuwa na kufuli kwenye ghala la chakula cha kuku, na kopo la kuchotea lisiloingia kwenye gunia la farasi hata mara moja.

Basi ratiba ya siku inapangwa na matumbo. Farasi anatangulia kupata nyasi. Mbuzi wanasubiri umande ukauke, kwanza kwa sababu ya majani mabichi yaliyolowa, pili kwa sababu viluwiluwi vya minyoo hupanda na umande kwenye ncha za majani. Wakitafuna nyasi kavu kidogo kabla ya kutoka ni bora zaidi. Minyoo ya mbuzi na ya farasi kwa sehemu kubwa ni tofauti, kwa hiyo ukiwapokezanisha malisho, farasi anameza viluwiluwi vya minyoo ya mbuzi na vinafia humo, na mbuzi vilevile kwa vya farasi. Hiyo ni faida ya kuwa nao wote ambayo ndoo moja isingekupa.

Jioni kuku wanakula kama waliokimbizwa, wanajaza gole kabla ya kupanda kwenye fito za kulalia, na wanasaga usiku kucha. Ukipapasa taratibu gizani utalikuta gole limejaa. Alfajiri linapaswa kuwa tupu, na likikutwa gumu bado, nyasi ndefu pengine zimejisokota humo. Kwa mbuzi weka kiganja ubavu wa kushoto, usubiri: rumeni hujikaza kama mara moja au mbili kwa dakika, na utaisikia ikipita chini ya vidole. Kwa farasi tumia sikio. Libandike ubavuni, pande zote mbili, nyuma ya mbavu. Kunguruma, kububujika, hata sauti kama ya maji yanayomiminwa, yote ni sawa, nenda kalale. Ukikuta kimya, naye anageuka geuka kuutazama ubavu wake na nyasi hazitaki, mpigie daktari wa mifugo usiku huo huo.